Siku Wivu Wangu Ulipotokea kwenye Spika za Kanisa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na msianze kucheka kabla sijafika penyewe. Najua mmeshausikia mkasa huu, kwenye bodaboda, sokoni Kasulu, na nasikia hata Kibondo umefika, kila mtu anausimulia anavyotaka, wengine wanasema nilipigana na mke wa mchungaji (uongo), wengine wanasema Mzee wangu alinikimbia (uongo mkubwa zaidi, Mzee hana magoti ya kukimbia), sasa nimeona bora niuandike mimi mwenyewe niliyeaibika, kwa mkono huu huu ulioacha shule darasa la nne, ili anayetaka kunicheka anicheke kwa mambo ya kweli. Niliaibika mbele ya kanisa zima, wenyeji na wageni, siku ya Sikukuu ya Mavuno, na hakuna aliyenisukuma.

Kilichoniponza ni wivu. Mtanisamehe, mimi ni bibi wa kutambaliwa na vitukuu, watu wanadhani umri huu tunaoneana wivu wa kuni na mbegu tu. Siyo kweli. Wivu hauzeeki, unapungukiwa meno tu.

Kwanza mumjue Mzee. Mume wangu, Baba Ezekieli, ni mtu wa redio koli. Zama za makambi ya wakimbizi, kabla kambi ya Mtabila haijafungwa, shirika moja lilimwajiri akae kibandani na maiki mkononi, aite huku na huku, malori yamefika wapi, mahindi yamekwisha, mama mjamzito apelekwe hospitali haraka, na jioni alirudi nyumbani sauti imekauka lakini uso unang'aa kama ametoka harusini. Kambi ikafungwa, simu za mkononi zikaingia, redio koli zikatupwa stoo, naye akarudi kwetu Titye kulima maharage. Alilima. Lakini mara nyingi nilimkuta katikati ya shamba amesimama, jembe begani, kichwa kakiinamisha upande kama kuku aliyesikia mwewe, nikimuuliza unasikiliza nini anasema hakuna kitu, na hilo ndilo linalonisumbua, Mama Ezekieli, hakuna kitu.

Ndipo akapata habari kwamba serikali inatoa leseni kwa watu wa kawaida wanaopenda kuzungumza kwa redio, siyo biashara wala utangazaji, ni mtu na mwenzake tu hewani. Akasoma, akafanya mtihani na mvi zake, akashinda. Ila mtambo wa dukani bei yake ni ya ng'ombe na ndama wake, kwa hiyo akasema atatengeneza wake hapa hapa nyumbani, tena siyo wa vidude vidogo vya siku hizi, wa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, ambazo ukiwasha unasubiri zipate moto ndipo kitu kiseme.

"Hizo nazielewa," aliniambia, "nazo zinanielewa."

Hapo hapo nikasikia kitu kimenichoma. Mimi nimemzalia watoto, nimemlea mama yake mpaka tukamzika, na hajawahi kusema kwamba namwelewa.

Akaanza kukusanya redio mbovu, sokoni, kwa mafundi, kwa wajane wa watu waliokuwa na redio, akazifungua, akatoa vioo vyake akavifuta kwa shati lake la Jumapili kama anafuta mtoto pua, akavipanga juu ya ubao kwenye chumba alicholala Ezekieli kabla hajaoa. Chumba hicho mimi nilikitaka niweke maharage ya mbegu. Maharage yakabaki chini ya kitanda chetu.

Sasa shida ya ule mtambo, kama alivyonieleza mara nyingi mno huku mimi nachambua mawe kwenye maharage na kuitikia "ehe" bila kusikiliza, haikuwa kusema. Kusema ulisema siku ya kwanza. Shida ilikuwa kutulia. Unaanza kuzungumza mahali pako hewani, mtambo ukipata joto unaanza kuteleza kidogo kidogo kwenda pembeni, na anayekusikiliza anabaki kukufukuza huku na huku kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, umeme ukishuka, mtambo unahama. Upepo wa baridi ukiingia dirishani, unahama. Mtu akisogeza mkono karibu, unahama. Basi Mzee akaanza kuutuliza, na kila alipoutuliza aliutuliza kwa kitu changu. Waya wa shaba, ile koili ambayo ndiyo moyo wa mambo, akauzungushia kwenye kikombe changu cha kauri, eti mti unanyonya unyevu na plastiki inalegea, kauri haibadiliki. Akaongeza taa moja inayowaka zambarau ya kushikilia umeme usipande wala kushuka (hiyo angalau haikuwa yangu). Kisha, ili upepo usiuguse, akaufunika kwa kitenge changu kizuri, cha maua ya njano, nilichokuwa nakitunza. Na mwisho wa yote akaja jikoni, akaitazama sufuria yangu.

Sufuria hiyo ni nzito, ya aluminiamu ya zamani, siyo haya makaratasi mnayonunua siku hizi, niliinunua kwa mavuno ya shamba langu la kwanza na haijawahi kutoka mkononi mwangu. Aliichukua. Akaifudikiza juu ya koili, akabana waya mmoja kwenye ukingo wake kwa kibanio, akafunika na kitenge juu, akasema, "Sasa!" Nilipouliza nitapikia nini akasema, "Tumia zile ndogo, mke wangu, hii imepata kazi."

Yote hayo ningevumilia, lakini kulikuwa na Mwalimu Edina.

Mwalimu Edina ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mtu wa Tanga, serikali ilimleta Kibondo kufundisha, akastaafu akajenga huko huko. Ni mjane. Ana leseni kama Mzee, na mtambo wake ni wa kiwandani, mwanawe alimletea. Ndiye alikuwa anampima Mzee wangu. Kila Jumamosi mchana wanazungumza, yeye anamwambia leo umehama, leo umehama kidogo, leo una mlio, jaribu hiki, jaribu kile. Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mnadhani hilo lilinipoza? Lilinizidishia. Mwanamke mwenye uso unaweza kumtafutia kasoro, utasema ana miguu ya kuku, utasema kiuno kimekwenda mapumzikoni. Sauti tupu utaisema nini? Tena ile sauti ilikuwa nzuri, ya polepole, Kiswahili cha pwani kisichokwaruza, sisi huku Kiswahili tunakitembeza kwa mwendo wa Kiha, kinapanda na kushuka na milima.

Mzee alikuwa ananyoa ndevu kabla ya kuzungumza naye. Nisikilizeni vizuri. Ananyoa ndevu kuzungumza na mtu asiyemwona! Na mnajua salamu zetu sisi Waha, mtu wa heshima hasalimiwi kwa mkato, unapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, habari za watoto, za mifugo, za shamba, mpaka mwisho. Nilichungulia mlangoni nikamwona mume wangu anaupigia makofi ubao. "Mwakeye Mwalimu," pa, pa, pa. Mimi asubuhi ananiambia, "Chai iko wapi?"

Mama Jeni, mkamwana wangu, mke wa Ezekieli, tunaishi naye kwa sababu mumewe anafanya kazi mbali, akaniona pale mlangoni akasema, "Mama, si ni redio tu."

"Moto nao ni moto tu," nikamjibu, "mpaka ushike nyumba."

Sasa kanisa letu na nyumba yetu vinatenganishwa na migomba tu, na siku za mwanzo, kabla ya sufuria, sauti ya Mzee ilikuwa inaingia kwenye spika za kanisa. Jumapili moja Mzee kabaki nyumbani anaujaribu mtambo, mchungaji anahubiri habari za Nuhu, amefika pale mvua inaanza, spika zikasema, "Kibondo, Kibondo, unanipata?" Watu walicheka mpaka sadaka ikachelewa. Mchungaji akapeleka malalamiko, na kutoka Kigoma likaja neno kwamba afisa wa mawasiliano atafika kukagua, na kama mtambo bado unaingia kwa majirani, leseni inachukuliwa na mtambo unafungwa. Mzee aliacha kula siku hizo. Alimfuata mchungaji, wakakubaliana hivi: siku ya Mavuno, kanisa limejaa, spika zote zimefunguliwa, mchungaji akimaliza mahubiri, Mzee atazungumza na Kibondo. Spika zikikaa kimya na Mwalimu akisema mtambo umetulia, mchungaji atamwambia afisa kwamba hana tena malalamiko. Spika zikisema neno lolote la Mzee, basi, yamekwisha, arudi kwenye jembe.

Mimi niliyajua hayo yote. Nilimwona anavyoutazama ule mtambo. Na bado nikafanya nilichofanya.

Siku ya Mavuno walikuja wageni, kina mama wa kanisa kutoka Kibondo, basi dogo zima, na mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama wa hapa. Sufuria zilikuwa chache. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, lakini naandika ukweli, sufuria tungeweza kuazima. Asubuhi Mzee alikuwa anaoga (anaoga! maji ya moto! kwa ajili ya Kibondo!) na mimi nilipomsikia anaimba bafuni nikaingia kile chumba, nikafunua kitenge, nikabanua kile kibanio, nikachukua sufuria yangu. Mahali pake nikafudikiza beseni la plastiki la kunawia mikono, saizi ile ile, nikabana kibanio kwenye ukingo wa beseni, nikafunika kitenge vizuri na maua yake ya njano yakatazama mbele kama yalivyokuwa. Mzee haoni vizuri. Nundu ni nundu. Nikajisemea, chombo cha kufunika ni chombo cha kufunika, na kama mtambo wake unamwelewa kama anavyosema, wataelewana wenyewe.

Nikatoka na sufuria kichwani, kifua mbele, nikampa Mama Mchungaji aliyekuwa msimamizi wa jiko. Akatia maharage na nyama.

Ibada ikaanza, tukaimba, tukaleta mahindi na mihogo na mikungu ya ndizi mbele, mchungaji akahubiri, nami nimekaa kiti cha mbele kama mwenyekiti, lakini masikio yangu yote mawili yako nyumbani. Mchungaji alipokaribia kumaliza nikawaza, sasa anapiga makofi, sasa anasema mwakeye Mwalimu. Nikashindwa. Nikamwambia jirani yangu naenda kuangalia jiko. Nikakatisha migombani, sikuangalia jiko hata kwa jicho moja.

Nilimkuta ndiyo kwanza anaanza. Shati jeupe. Ndevu hakuna. Vioo vinawaka vyekundu na ile zambarau, na kidole chake kimebana kitufe cha maiki, anasema, "Mwalimu, leo ndiyo siku yenyewe, sikia moyo wangu unavyodunda," na akacheka kile kicheko ambacho mimi nilikisikia mara ya mwisho kabla ya Ezekieli kuzaliwa.

Sikupiga hodi, nikaingia.

"Wewe mwanamke wa Kibondo!" nikasema, na nikaiinamia ile maiki kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. "Unanisikia? Mwenye mzee huyu ni mimi! Wewe unamsikia sauti tu, mimi nayajua na yasiyosikika. Akilala anakoroma kama mashine ya kusaga inayopandisha mlima! Anatia chumvi kabla hajaonja! Unamtaka? Njoo, chukua, lakini chukua na kikohozi chake, na magoti yake ya kukandwa kila usiku, na mlango tangu mvua iliyopita anasema atautengeneza kesho!"

Mzee alikuwa ameganda. Kidole chake kilibaki pale pale kwenye kitufe, kimebana, kama mtu aliyekanyaga nyoka na anaogopa kuinua mguu.

Na huko nje, ng'ambo ya migomba, nikasikia mwanamke mwingine naye anafoka kwa sauti kubwa, nikadhani wageni wameleta mhubiri wao na amepandisha kweli kweli, nami nikapandisha ili asinizidi.

"Na usidhani anakusifia wewe peke yako! Huyu anasifia kila mtu! Anasifia hata supu ya Mama Mchungaji, ambayo ni maji yaliyopita karibu na nyama! Mchungaji mwenyewe anajua, ndiyo maana kila Alhamisi anapitia kwangu kuuliza habari za wagonjwa, mgonjwa gani yuko jikoni kwangu? Sasa wewe wa Kibondo, achana na mume wa mtu, tafuta wako, na kama ni wa redio, wapo, kachague!"

Nikahema. Nikamwambia Mzee, "Mwachie naye ajibu!"

Akaachia kitufe. Kile chombo cha kusikilizia kikakwaruza, halafu ile sauti ya Tanga ikaja, imetulia kama maji ya mtungini.

"Nimekupata, mama. Sauti yako kali na safi, Mzee mwenyewe hafiki hapo. Ila unahama. Ulianzia mahali pake, sasa umepanda juu sana, na kuna mlio unakufuata nyuma. Tafadhali endelea kusema, nipime umefikia wapi. Ova."

Hiyo ova maana yake nimemaliza, zamu yako, lakini kabla sijaichukua zamu Mama Jeni akaingia anahema, kanga imemdondoka begani. "Mama! Mama nyamaza! Unatoka kwenye spika!"

"Nani anatoka?"

"Wewe, mama! Kanisa zima!"

"Wamesikia kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwanamke wa Kibondo," akasema, na akaziba mdomo, sijui kwa huruma au kwa kicheko. "Mama, wale wageni ndio wanawake wa Kibondo! Wamesimama benchi zima, kila mmoja anamuuliza mwenzake ni nani kati yao. Kuna mmoja ameshafunga kanga kiunoni. Na mzee mmoja wa kule nyuma, yule asiyesikia vizuri, kila ulipopumua alikuwa anasema Amina."

"Na Mama Mchungaji?"

Mama Jeni akatazama dari.

Lakini, vijana, hiyo haikuwa aibu iliyoniuma zaidi. Iliyoniuma ni Mzee. Hakunifokea. Alikuwa anasema peke yake, "Haiwezekani, ulikuwa umetulia, jana ulikuwa umetulia," akagusa taa ya zambarau, akagusa waya, halafu akafunua kitenge. Akaliona beseni la kunawia mikono, na kibanio kimelibana ukingoni kikamilifu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kama vile labda litageuka.

"Mama Ezekieli," akasema, "ungeupiga kwa panga ningekuelewa. Lakini beseni?"

Akalibanua lile beseni, akaliweka sakafuni.

"Ile sufuria ndiyo inashika sauti isitoke pembeni. Ndiyo inafanya moyo wake usihangaike. Nilikueleza."

Alikuwa amenieleza. Nilisema "ehe".

Akashika maiki tena, sauti imeshuka, akamwambia Mwalimu kwamba mtambo umepata hitilafu na huenda haya ndiyo mazungumzo ya mwisho. Mwalimu akamuuliza hitilafu gani. Mzee akanitazama. Angeweza kunitaja, na angekuwa na haki. Akasema, "Kuna kifuniko kimetoka mahali pake. Ova."

Mwalimu akasema, "Basi kirudishe, Mzee, mimi nina muda, nimebandika chai. Nakusubiri. Ova."

Kirudishe! Mnajua kilikuwa wapi? Kwenye mafiga nyuma ya kanisa, kimejaa maharage na nyama, na mwenye upawa ni Mama Mchungaji.

Nilitembea. Ile migomba kati ya nyumba yangu na kanisa ni michache, lakini siku hiyo ilikuwa mingi. Watu walikuwa wameshatoka nje kwa ajili ya chakula, wamekaa nyasini na sahani, na nilipotokea wakanyamaza wote pamoja, halafu ukaanza mkoromo kutoka kwa vijana wa kwaya, mmoja anakoroma, mwenzake anamuuliza, "Hii ni mashine ya wapi?" naye anajibu, "Ya kupandisha mlima." Wale kina mama wa Kibondo wakanifuata kwa macho. Yule wa kanga kiunoni akasema kwa sauti, "Jamani, tumeambiwa tukachague, waume wa redio wako upande gani?" Kundi zima likaanguka kwa kicheko.

Nikafika jikoni. Mama Mchungaji ni mwanamke mdogo, ningeweza kumzaa. Kwetu mdogo ndiye humwanza mkubwa kwa makofi. Mimi nikapiga goti, nikaanza mimi, mwakeye, pa, pa, pa, mbele ya watu wote, mpaka habari za mifugo. Hana mifugo. Nikaiulizia hivyo hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, upawa mkononi.

"Nakuomba sufuria yangu," nikasema. "Mzee ananyang'anywa mtambo kwa ajili ya ujinga wangu."

"Subiri kidogo, mama," akasema, mpole kabisa, "nimalizie kugawa maji haya, yamepita karibu na nyama muda si mrefu."

Nikasubiri. Aligawa polepole, sahani moja moja, kila mgeni wa Kibondo akija anamwambia, "Karibu, hii ni sufuria ya mwenyekiti wetu." Iliyobaki akaihamishia kwenye ndoo, akanipa sufuria na majivu yake. Nikaisugua pale pale kwa mchanga, nimechuchumaa na gauni langu la kiti cha mbele. Nilipoinuka nikamkuta ananawa mikono. "Twende," akasema, "lazima awepo mtu chumbani wa kushuhudia kwamba kweli Mzee anaongea, ama sivyo tutajuaje spika zimenyamaza kwa nini? Mume wangu atakaa kwenye spika." Kumbe alikuwa ameshaongea na mchungaji wakati mimi nasugua. Sikumwambia asante wakati ule, nilibeba sufuria nikatangulia.

Tulipofika Mzee akaigusa sufuria kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa. Bado ina moto, akasema, ukiifunika koili na joto hili mtambo utahama tena. Basi ikabidi ipoe. Tukakaa, Mzee, mimi na Mama Mchungaji, tukiitazama sufuria, nami naipepea kwa ungo kama mgonjwa wa homa, na Mwalimu huko Kibondo anakunywa chai yake.

Ilipopoa Mzee akaifudikiza, akabana kibanio, akafunika kitenge, akanawa uso. Nikaishika miwani yake nikamvalisha mimi.

Huko kanisani, nilisimuliwa baadaye, mchungaji alifungua spika zote mpaka mwisho, akawaomba watu wanyamaze, na watu wote wale, wenyeji na wageni, na sahani zao mkononi, wakakaa kusikiliza spika zisizosema kitu. Hata watoto. Wengine wanasema hawajawahi kuona ibada ya utulivu kama ile.

Mzee akazungumza. Alimwelezea Mwalimu mvua za mwaka huu, mahindi, bei ya maharage, akaendelea, akaendelea, na spika kimya. Akaachia kitufe.

"Umekaa, Mzee," ile sauti ikasema. "Hujasogea hata unywele. Ova."

Mzee akainamisha kichwa kwenye ubao, mabega yanacheza, na Mama Mchungaji akatazama dirishani ili amwachie nafasi.

Mchungaji alikuja mwenyewe. "Afisa akifika nitamwambia mtambo sina shida nao," akasema. "Mwenye mtambo pia sina shida naye. Mke wa mwenye mtambo, tuonane Jumatano." Halafu akasita mlangoni, akasema, "Nyumbani kwangu. Kuna supu."

Afisa alikuja kutoka Kigoma, akapima, akaondoka, leseni iko ukutani. Na Mwalimu Edina Jumamosi iliyofuata, baada ya salamu zake na Mzee, akauliza, "Yule mama yuko? Naomba nimsikie, sauti yake inafika vizuri mno." Nikaitwa, Mzee kakaa pembeni kama sheria inavyotaka kwa asiye na leseni, nikazungumza na yule mwanamke habari za mbegu za maharage na magoti ya wazee mpaka mvua ikaanza, na tulipomaliza nikamwona Mzee amenuna. Eti mbona mmecheka sana. Acha naye aonje.

Msidhani wivu umeisha, sitawadanganya nikiwa na umri huu. Akinyoa ndevu bado natazama. Ila nimejifunza kwamba mtu akikueleza kitu anachokipenda, sikiliza, usiitikie "ehe" huku unatafuta mawe kwenye maharage, kwa sababu usichokisikia ukiwa umekaa kwako utakuja kukisikia umesimama mbele ya watu. Na jioni ile ya Jumamosi nikawaita wote wa nyumba hii, Ezekieli akiwa kwenye simu, Mama Jeni, wajukuu na vitukuu, nikawapa amri moja, nayo ndiyo hii: leteni kiti changu mkiweke chumba cha redio, pale pale kwenye mkono wa kulia wa Mzee, na mtu asikiondoe.